Shemeji Anataka Nimwombe Radhi kwa Kumgeuza Hewani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila ukiniambia nikaombe radhi nitaacha kulisoma gazeti hili. Mimi ni mwongoza ndege, nakaa mnarani, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ni rubani wa helikopta ya jeshi, na hawa wa jeshi wana mazoea ya kukatiza mbele ya ndege za abiria zinazokuja kutua, ukiwauliza kama wanaiona ndege wanajibu “nimeiona” na basi, hapo unamwachia rubani aikwepe mwenyewe, tena kifaa cha kuwaonyesha kwenye rada wamekizima eti siri za jeshi, sasa juzi shemeji akasema ameiona, kumbe aliyoiona ni ya nyuma, ile ya mbele iliyojaa watu anaiendea mzimamzima, nikamwamuru ageuke, akageuka, na tangu siku hiyo kwenye zamu yangu “nimeiona” haipiti, helikopta itasubiri ndege itue, na kifaa kiwashwe, asiyetaka azunguke mbali, basi imekuwa vita, mkuu wangu anasema tuyamalize kifamilia, mama mkwe kaitisha kikao Jumapili nimwombe shemeji radhi kwa kumvunjia heshima wenzake wakisikia, na mume wangu ananiambia, “Si useme tu samahani yaishe?”, na mimi moyo umekataa kabisa, ila naogopa kuivunja nyumba yangu. Nifanye nini?

Mkaidi wa Mnarani

Dada Mkaidi, pole, lakini nakushangaa. Umemgeuza mwanajeshi angani, halafu unatetemeka kwa ajili ya kikao cha sebuleni?

Kosa lako ni moja: umekubali jambo la kazi lihamie nyumbani. Mkuu wako kamtupia mama mkwe mzigo wake. Mrudishie. Mwambie akuandikie kwa mkono wake kwamba “nimeiona” inatosha, kisha atie sahihi. Hatathubutu. Mpaka atakapothubutu, sheria yako ibaki pale pale.

Mumeo naye muulize, siku akipanda ndege na watoto, angependa mnarani akae mwongoza ndege au shemeji ya mtu.

Jumapili nenda. Vaa vizuri, msalimie mama mkwe kwa adabu zote, saidia kuosha vyombo. Wakikudai radhi, mgeukie shemeji mbele ya mama yake, umuulize kwa upole: “Ile ndege uliyosema umeiona, ilikuwa ipi?” Kisha nyamaza, usimsaidie kujibu. Mama atataka kujua mwanawe alibakiza kiasi gani afe, na kuanzia hapo kikao si chako tena.