Alama Hamsini na Nne za Zuhura

Mkwe wangu mpendwa, Idrisa,

Nakuandikia kutoka huku mtaani kwangu Joubert Park kukujulisha kuwa mimi, babu wa cherehani, nimemfundisha mwanao Zuhura hesabu za sehemu mpaka zimemkaa kichwani. Ukitaka kulia, lia huko huko Cape Town.

Haya, nimedanganya. Sehemu zilinishinda darasa la nne kule Tanga, zikanitoa shule, na mpaka leo tukikutana njiani mimi navuka barabara. Lakini kulia bado ruhusa.

Unalikumbuka lile daraja la kadibodi? Mwalimu alimpa Zuhura kazi ya kujenga daraja. Wewe ukashuka kwenye treni yako ya kutoka kazini Sandton, ukavua tai, ukakaa sakafuni na gundi, ukalijenga peke yako. Mtoto anakula chipsi, anakutazama. Nikasema, "Mwachie japo mkasi." Ukacheka: "Baba, shule za siku hizi usijichoshe nazo." Daraja likapata tisini na mbili. Nilikupongeza, darasa la tano ulilifaulu vizuri sana.

Halafu ukaja mtihani, ambao wewe hukuruhusiwa kuingia. Zuhura akapata kumi na tisa kwa mia. Mwalimu akatuita, akasema akiendelea hivi atarudia darasa. Nawe ukamjibu mbele yangu, kwa Kiingereza ulichodhani sikielewi, kwamba tatizo ni babu. Kiswahili chake kinamchanganya mtoto. Nilitabasamu tu. Pale pale nikaanza kukukatia kisasi, kwa vipimo vyako.

Kazi ikakuhamisha, Zuhura na mama yake wakaja kwangu. Jioni ya kwanza akaweka daftari juu ya kitambaa cha watu: "Babu, nifanyie hii, plizi."

Sasa, unawajua mafundi cherehani, na mimi sijawaangusha wenzangu: nguo ya Idi mteja anaipata Idi imeshapita. Zile "njoo kesho" zangu zote Zuhura anazisikia. Nikamwambia, "Leo wewe fundi, mimi mteja. Utanishonea nini, na niifuate lini?"

Akafikiri. "Kujumlisha sehemu. Zote. Ijumaa." Akaandika mwenyewe, kwa chaki yangu, kwenye mlango wa kabati.

Ijumaa nikavaa kofia, nikabisha hodi chumbani kwangu mwenyewe. "Nimefuata nguo yangu, fundi."

"Eish, babu. Njoo kesho."

"Fundi mwongo we! Harusi ni leo, niende uchi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema amechukua kazi kubwa mno. Sikumpunguzia mimi. Akafuta mwenyewe, akaandika ndogo: sehemu zenye namba sawa chini, basi, Jumanne. Jumanne nguo ilikuwa tayari. Na kwa kuwa mteja haelewi kitu, ilibidi anieleze, tena kwa Kiswahili hicho hicho kinachochanganya. "Hapana, babu, husikii! Ya chini usijumlishe!" Ananigombeza kama shangazi yako. Wiki nyingine alichelewa, akaja kuniomba radhi kabla sijabisha. Mimi katika miaka yangu yote ya kushona sijamwomba radhi mtu.

Ripoti imetoka. Hamsini na nne, amepanda darasa. Najua hazifiki za daraja lako. Ila hizi zake. Nimezifurahia kwa roho mbaya kabisa; nimemwonyesha jirani yangu Mkongo mpaka sasa akiniona anafunga mlango. Nikilala nakuona na gundi yako vidoleni, nacheka peke yangu.

Lakini Zuhura amesema Jumapili atakupigia simu ya video akuonyeshe anavyogawanya sehemu, na hapo kicheko kimenikauka. Nakujua. Hajafungua mdomo, wewe umeshamaliza hesabu, na mimi nitarudishiwa yule mtoto wa chipsi.

Suti uliyomwolea binti yangu niliishona mimi. Siku ile ulinishika mkono ukasema, "Baba, lolote utakaloniomba." Sijawahi kuomba. Sasa naomba: Jumapili akikuuliza jibu, hata kama unalo mdomoni, limeze. Mwambie, "Sijui, mwanangu. Hebu nieleze."

Mkweo asiyekusamehe bado,
Babu yake Zuhura