Jina Jipya la Enzi

Jumatano, Newala

Swali la yule msichana wa kidato cha tatu bado linanichoma. Niliwafundisha kwamba Kyoto ilipoungua, Wajapani walibadili jina la enzi, wakaiita Keio, ili mikosi iishe. Akauliza, "Mwalimu, iliisha?" Nikajibu kwamba haikupita miaka mitatu shoguni, mtawala wao, akaanguka. Darasa zima likacheka.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe, amekuja kutoka Chiwata kwa sababu ya homa ya mwanangu wa kiume, mdogo wake Amina.

"Baba Amina, jina la babu yake limemkataa. Kuanzia leo ni Saidi, na lile lisitamkwe tena."

Nikakubali. Mimi, mwalimu wa historia.

Jioni nilimwita Saidi. Kisha nikanong'ona lile la zamani, bibi yake asisikie. Hakufumbua macho kwa jina lolote.