Kaniki Bado Ameshika Daraja

Mpendwa Bi Zuhura, shikamoo. Nimekwama na sina mwingine wa kumwambia, naomba unishauri.

Mimi ni Mwanaasha wa Kihonda, hapa Morogoro, na mjomba wangu Mikidadi ndiye aliyekuwa akichora ile katuni ya Kaniki, huenda na wewe uliisoma, yule mama fundi cherehani wa Mji Mpya ambaye mtu akilia kwa shida popote Uluguru yeye anasikia kwa nyayo zake, basi anajifunga kaniki yake nyeusi anaruka mlima hadi mlima mpaka amfikie, na mjomba aliichora tangu mama yangu hajaolewa mpaka mimi nikamaliza sekondari, ndipo akapata kiharusi mkono wake wa kulia ukapooza. Toleo la mwisho lilikuwa limeshatoka. Mto umefurika, nguzo ya daraja imekatika, Kaniki yuko ndani ya maji amelibeba daraja mabegani ili watu wavuke, maji yamemfika kidevuni, na chini pameandikwa Itaendelea. Haikuendelea tena.

Sasa mwaka huu mchapishaji mmoja wa Dar, anaitwa Athanas, amekuja akitaka Kaniki arudi madukani na mimi ndiye nimchore, kwa kuwa kuchora nilifundishwa na mjomba mwenyewe, na nilifurahi mpaka nikalia, ila yeye anataka tuanze upya kabisa, Kaniki awe msichana wa chuo, na daraja tusiliguse. Aliniambia, "Dada, watoto wa sasa hawana habari na hilo daraja. Ukiwaanzishia katikati ya mafuriko hawakuelewi." Lakini habari zilipovuja, wasomaji wa zamani wakaanza kunitumia ujumbe, mmoja ni mhadhiri Mzumbe, mwingine ana stoo ya karanga Gairo, watu wazima na ndevu zao, wote wanauliza neno moja tu, je, alitoka? Nikampelekea mjomba swali lao, na sisi Waluguru mjomba akisema amesema, akajibu kwa ulimi wake mzito, "Mwache azame. Amechoka." Nami kwa kumwonea huruma nikamwahidi kwamba toleo nitakaloanza nalo ndilo litakalomzika.

Basi nikapanda Kinole, kijiji cha huko milimani, kuchora mito na miteremko ya hicho kifo. Mchana mmoja nimekaa juu ya jiwe karibu na shule, ukungu unashuka, nikaona wasichana wameweka ubao juu ya mfereji mkavu, mmoja ameingia chini ameubeba mabegani, wenzake wanavuka juu yake huku wanaimba, wanazunguka, wanavuka tena, na aliyebeba akipiga kelele "Nimechoka!" mwingine anaruka ndani, anaweka bega lake kando ya la mwenzake, anasema "Nimepokea!" na yule wa kwanza anatoka, na ubao hauanguki, na wanaovuka hawasimami.

Nikamwita mmoja, anaitwa Mosi. "Mnacheza nini?"

"Kaniki."

"Kaniki ndiye nani?"

Akanishangaa. "Yule mama aliyeshika daraja! Kwani dada, huko mjini hamumjui?"

"Mlisoma wapi habari zake?"

"Hatujasoma. Mama alitusimulia, na mama yake huyu naye anamjua."

"Na nani anaruhusiwa kumpokea?"

"Aliye karibu," akasema, akakimbia kwenda kupokea, maana mwenzake alishaanza kupiga kelele.

Bi Zuhura, mwili ulinisisimka mpaka kichwani, nikajikuta nimesimama wima, kama mtu aliyekuwa amekaa ovyo mkubwa wake akaingia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona hata toleo moja la Kaniki. Tangu hapo kalamu nikiishika inanishinda. Mjomba sijamwambia, naogopa ataona hadithi yake imechukuliwa, tena nimeshamwahidi, na Athanas anataka jibu. Nimsikilize nani?

Mwanaasha, Kihonda.

*

Mwanangu Mwanaasha, marahaba.

Kwanza nikugombeze. Umemwahidi mgonjwa kumuua mtu anayesubiriwa na nusu ya mkoa, eti huruma. Mjomba wako alisema amechoka. Nani amechoka, Mwanaasha? Hukuuliza. Mzee aliyekuwa akichora kila siku ya maisha yake, leo hata kijiko anashikiwa, anakwambia kuna mtu amechoka, wewe unakimbilia kuchora kaburi!

Halafu umeona jambo ambalo wachoraji wengi hufa hawajaliona, ukamficha mwenye hadithi. Hilo sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia simu nikakuamuru uende chumbani kwake ukamweleze yote. Kwa ruhusa yako nawaambia wasomaji kilichotokea.

Mzee Mikidadi alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba arudiwe pale msichana anaposema "Nimepokea." Machozi yakamtoka. Kisha akauliza, "Na huyo aliyepokewa, akishatoka majini, anakwenda wapi?"

Hayo ulinisimulia kwenye simu. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi nikisoma shida za watu, na sikumbuki swali lililonifurahisha hivyo. Mtunzi alikuwa amerudi kazini.

Basi sikiliza. Ile ahadi ameivunja mwenyewe kwa swali lake, usiirudie mdomoni. Kaeni wawili mumjibu, yeye aseme, wewe uchore. Anzeni darajani. Athanas ana haki katika jambo moja tu: mtoto anayeshika kitabu hicho kwa mara ya kwanza asipotee. Ukurasa wa kwanza mwonyeshe mwanamke mwenye kaniki nyeusi, mto umejaa, watu wanavuka juu ya mabega yake, na ukingoni binti mmoja anavua viatu. Mgeni ataelewa, na msomaji wa zamani atalia. Athanas akibisha, mpandishe Kinole akaone mchezo. Akishuka na wazo lake lilelile, tafuta mchapishaji mwingine.

Rudi kwa Mosi na wenzake, mbele ya mama zao, uombe ruhusa ya kuutumia mchezo wao, na kitabuni iandikwe wazi kwamba umetoka kwao.

Kuna moja hukuniuliza. Jalada litakuwa na jina la nani? La mjomba, na chini yake lako, kwa herufi za ukubwa uleule. Usiniletee unyenyekevu hapo.

Kitabu kikitoka, nitumie nakala mbili. Mume wangu naye anataka kusoma, na mimi kwa kitabu hiki sikubali kungoja zamu.

Bi Zuhura