Majina Tisa ya Mwenye Nyumba

Jumatatu, 18 Septemba 2023

Kompyuta imebadilishwa roho! Nosiphiwo, mke wa mwanangu, aliifuta jana kabla ya kurudi Gqeberha, akaiwekea Linux, mfumo mwingine wa kuiendesha. Ule wa zamani ulikuwa ukichukua robo saa kuamka, na virusi juu. Mafaili yote yapo, anasema. Anasema! Nimekaa mbele yake kama mwali — kile kitufe cha chini pembeni hakipo, kila kitu kimehamia juu. Mazoea yana taabu. Nimehangaika mpaka nikaikuta sauti ya marehemu mume wangu kwenye folda iitwayo "Mwenye Nyumba". Kwetu mkamwana halitaji jina la baba mkwe, kumbe hata kwa vidole! Nimecheka peke yangu. Nampenda huyu mtoto.

Jumamosi tunafunua jiwe la kaburi la mume wangu. Mwanangu Luthando atasimama kutaja mababu zake tisa, mmoja baada ya mwingine, na anawajua wanne tu. Baba yake aliwarekodi mwaka juzi. Ndugu wa baba yake wote tumeshawazika. Kwa hiyo ni faili hili, au aibu mbele ya ukoo mzima.

Nimelibonyeza. Halifunguki.

Jumanne, 19 Septemba

Nimempigia Nosiphiwo mchana. Kumbe Linux haikuja na kitu cha kusomea faili la aina ile, lazima kiteremshwe. Kanifungulisha dirisha jeusi, kaniandikisha maneno herufi kwa herufi. Kisha: andika nywila, mama. Naandika — hakuna kitu. Hata nukta! Nikajua kibodi imekufa. Nikaigonga, nikaipindua, zikadondoka chembe za mkate.

"Mama, usiipige! Ndivyo ilivyo. Inasikia, ila haionyeshi."

Nikamwambia basi imerithi tabia ya mwenye nyumba, miaka arobaini na minne ndivyo alivyokuwa. Alicheka mpaka akakohoa.

Mara ya tatu ikakubali. Herufi kubwa zilikuwa zimewashwa — uzee huu! Maneno yakaanza kuteremka mbio. Halafu umeme ukakatika.

Jumatano, 20 Septemba

Ya jana ilikatikia njiani, haitaki kwenda wala kurudi. Nosiphiwo anasema ipo amri ya kuiambia imalizie ilipoishia. Tukaiandika. Ikamalizia! Faili likafunguka! Sekunde zinahesabika... kimya. Nimepandisha sauti hadi mwisho. Kimya.

Nimelia kidogo. Wanawake wanaopika pombe ya Jumamosi walikuwa uani, nikawaambia ni moshi.

Alhamisi, 21 Septemba

Sauti ilikuwa ikienda kwenye skrini, na skrini yetu haina spika! Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya sauti, unachagua spika za mezani. Basi. Siku nzima ya machozi kwa nukta moja. Nosiphiwo aliomba radhi kana kwamba kavunja sahani.

Nikachagua.

"Haya," akasema. Yeye! Na ile pumzi yake ya puani. Akajikohoza, akaanza: baba yake, babu yake, wa tatu, wa nne, wa tano. Halafu akaniita kwa jina la ukoo wa baba yangu: "MaBhele! Chai iko wapi?"

Nikajikuta nimesimama, birika mkononi.

Na kule nyuma nikajisikia mwenyewe nikifoka: "Inakuja, usinikimbize!" Yeye akacheka. "Basi, tutaendelea." Mwisho wa faili.

Hatukuendelea. Wiki ileile alilazwa. Chai yangu ndiyo iliyokata majina. Oo, baba Luthando.

Ijumaa, 22 Septemba

Wamefika wote wawili. Nosiphiwo amepekua kompyuta nzima, hakuna faili jingine. Luthando kashika kichwa. Anauliza ataje watano kisha akae? Mbele ya wazee?

Nosiphiwo akaniangalia.

"Mama, wewe unayajua."

Nayajua. Kila sherehe nilikuwa nyuma kwenye masufuria, nikiyasikia. Yote tisa. Lakini mimi nami ni mkamwana hapa; hayajapita mdomoni mwangu tangu nilipoolewa, hata siku moja. Nimeyazunguka kama ninavyolizunguka zizi lao la ng'ombe, ambalo wake hatulikanyagi. Nianze leo, na miaka sabini hii?

Baadaye Nosiphiwo alinifuata jikoni, akanong'ona. Hanilazimishi. Amenifungulia kirekodi tu — duara jekundu, basi. Akaenda zake kukoroga pombe. Sijui nimkumbatie au nimchape.

Jumamosi, 23 Septemba. Alfajiri

Sikulala vizuri. Nimepika chai yake, vijiko vitatu vya sukari, nimeiweka kando ya kibodi. Nimemwomba radhi. Nimewaomba radhi na baba zake. Kama ni kosa, liwe langu, mtoto asiaibike.

Nimebonyeza duara. Mstari umelala kwenye skrini, sekunde zinakwenda. Kumi. Ishirini. Ulimi mzito!

"Haya, tuendelee," nikasema.

Nikalitaja la sita. Kwa sauti. Mstari ukaruka hadi juu.

Naandika haya ili moyo utulie kwanza. Duara bado linawaka. Bado matatu. Nimegeuka, kumbe Luthando amesimama mlangoni, mswaki mdomoni, machozi yanamtiririka, ananiashiria kwa mkono: endelea, mama.