Utepe Ulioponea Kwenye Joto

Alhamisi, Kimara

Na haukukatika! Nimeoga, nimekula, bado natabasamu peke yangu kama mwehu.

Asubuhi nilifika maabara nimenuna. Kiyoyozi kimekufa tangu jana, jasho linatiririka mpaka kwenye miwani. Na ule utepe wetu wa protini wa kufungia majeraha ya moto, wa mwisho kubaki, ulikuwa umelala mezani usiku kucha kwenye fukuto hilo. Nikajua umeshaharibika. Dokta anayesimamia mradi alishatuambia, huu nao ukikatika kama wenzake, tunafunga mradi.

Rehema, ambaye tunafuga naye bakteria wanaotutengenezea hiyo protini, akasema, "Uvute tu shoga, tujue moja."

Nikauvuta. Ukarefuka. Nikauachia, ukarudi palepale kama mpira wa manati.

"Hebu tena!" Nikavuta tena. Rehema akapiga kigelegele, mlinzi akaja mbio akidhani tumeona nyoka.

Kumbe kosa letu wenyewe! Miezi yote tunazianika tepe kwenye kiyoyozi mpaka zinakauka kama chapati za juzi, halafu tunalaumu vinasaba vya bakteria. Zilitaka unyevu tu, huu huu wa Dar tunaoulalamikia kila siku.

Sijui utavumilia vipi tukiufunga kwenye goti la mtu aliyeungua, goti linalokunjwa kutwa. Hilo linanitisha, tena sana. Lakini leo umerudi.

Fundi wa kiyoyozi kapiga simu jioni, eti kesho anakuja mapema. Nimemwambia asihangaike.