Panya Mwenye Bisibisi

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni nacheka mpaka mbavu zinauma!

Unaijua ile redio baba mdogo anayojiundia. Alikosa soketi za kuunganishia nyaya, akazinyofoa kwenye mashine ya kufulia ya mama mdogo iliyoharibika. Alijiambia, "Maiti haidai meno."

Kumbe mama mdogo kaita fundi! Fundi kafungua mashine, kakuta nyaya zinaning'inia. Kutupa jicho mezani, kaziona soketi kwenye redio. Baba mdogo akamkonyeza, maskini, macho yanaomba.

Fundi akakohoa. "Mama, hawa ni panya."

PANYA, shoga!

Mama mdogo akainama, akachungulia, akauliza polepole: "Panya gani huyu, kafungua skrubu sita na kuzirudisha zote?"

Jasho likamtoka baba mdogo. "Mke wangu, soketi nitazirudisha."

"Aka, ziache, redio imependeza. Ila mpaka mashine ipate soketi nyingine, panya atafua."

Sasa hivi yuko uani, povu hadi viwikoni, anakamua shuka. Na fundi hataki kuondoka. Amevuta kiti, anamwelekeza namna ya kusuuza!