Doa la Shavu la Kushoto

Goma, tarehe 14 mwezi wa nane 2012

Papa mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote. Kifua chako kimepoa? Mvua za Buleusa nazijua, usilale na shati bichi. Huku sisi tu wazima, mimi na Kétsia wetu. Tangu Mama Kavuo amlete kutoka Hombo, anakula vizuri na kuniamrisha kama mimi ndiye mdogo.

Barua yako nimeipokea. Umeishukuru tableti yangu kwa kukurudishia mtoto aliyepotea mlipokimbia Nyabiondo. Halafu unasema burashi umeifunga kwenye kitambaa, na kopo la wino wako wa masizi umempa jirani aoteshee vitunguu, kwa sababu mbele ya mashine mkono wa mzee hauna kazi tena. Papa, nililia kwa aibu.

Sikiliza ukweli. Uliponitumia uso wa Kétsia uliouchora kwa wino, ili nitengeneze matangazo, niliupiga picha nikauingiza kwenye tableti. Kwenye shavu la kushoto kulikuwa na doa. Nikasema moyoni, maskini Papa, mkono umeanza kutetemeka. Nikalifuta. Ulinifundisha kwamba wino haurudi nyuma, kwa hiyo mtu atazame sana kabla ya kugusa karatasi. Mimi nimezoea chombo kinachosamehe kila kitu, sikutazama.

Matangazo yalibandikwa mpaka Hombo. Miezi miwili Mama Kavuo, muuza chumvi, aliyapita kila asubuhi akiwa amemshika mkono mtoto wetu aliyemwokota njiani, ambaye kwa woga hakutaja hata jina lake. Kwenye karatasi aliona mtoto mwingine.

Siku moja niliikunjua karatasi yako ili niihifadhi vizuri. Lile doa lilikuwa na kingo, limechorwa polepole kwa ncha ya burashi. Buleusa hakukuwa na rezo ya simu, na barua ingechelewa mno, sikuweza kukuuliza. Kwenye tableti nikalirudisha, nikachapisha upya. Wiki haikuisha, Mama Kavuo akanipigia simu akisema huyo mwenye alama ya moto anakula kwake.

Nilipoondoka nyumbani Kétsia alikuwa bado mgongoni kwa marehemu mama. Habari ya sufuria ya maharagwe iliyomuunguza sikuijua. Nilipomwonyesha karatasi yako alijitambua, akajigusa shavu, akasema, "Papa hakukosea. Iyi njo miye."

Aliyekosea ni mimi. Miezi miwili ya kumlilia mwanao nimekuongezea mimi. Unisamehe, Papa, na lile kopo uende ukalidai leo leo, vitunguu viote kwingine.

Utusalimie majirani wote wanaokupikia. Kétsia naye amekataa tableti, ametaka wino akusalimu mwenyewe. Hilo doa kubwa chini ya jina langu ni la kidole chake. Safari hii limemwagika kweli, lakini sikuligusa.

Binti yako akupendaye,
Francine